Soko la Desemba Pwani ya Kusini

Katika Kaunti ya Kwale, soko la wazi la msimu wa Krismasi hufuata barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, na kutoka Ukunda huteremka hadi ufuo wa Diani. Desemba kaskazi huwa imeanza, maembe yameiva, na wageni wa bara na ng'ambo wamewasili. Katika soko la Krismasi la Dresden, Ujerumani, lililoanza mwaka 1434, watu hujikinga na baridi. Huku Kwale kinga ni dhidi ya jua, chini ya mwembe au kibanda cha makuti.

Ukunda, meza hujaa mafungu ya maembe dodo, ngowe na boribo, viungo vya pilau, na leso za doti. Msambweni huleta nazi, mihogo, korosho na samaki. Ufuoni Diani kuna vikoi, vikapu vya ukili na vinyago. Uchongaji huo ulienezwa na Wakamba, ambao ushirika wao wa Changamwe, Mombasa, uliundwa mwaka 1963. Mpingo na mhugu ulipoadimika, wachongaji wengi waligeukia mwarubaini na mwembe, na hivyo kuipunguzia misitu mzigo.

Wauzaji wengi ni Wadigo Waislamu. Nazi, mchele na viungo vyao ndivyo vinavyopikiwa pilau ya Krismasi ya jirani Mkristo.