Makosa Katika Matangazo ya Shule na Chekechea

Mtu akitaka kuijua shule kabla hajaonana na mwalimu wake hata mmoja, na asimame langoni asome. Ukutani pameandikwa jina la shule, saa za kuingia na za kutoka, ada, mambo yaliyokatazwa, na aghalabu maneno mawili matatu ya kuisifu shule yenyewe. Maandishi hayo ndiyo kitabu cha kwanza cha shule, nacho husomwa na watu wengi kuliko kitabu kingine chochote kilichomo kabatini. Hukisoma mzazi, na mpita njia, na mtoto anayengoja kufunguliwa. Nasi twasikitika kusema ya kuwa katika shule nyingi, hasa shule za awali na vituo vya kulelea watoto mchana, kitabu hicho cha kwanza kina makosa ambayo mwalimu asingeyavumilia katika daftari la mwanafunzi.

Hatuandiki haya kwa kuwacheka wenzetu. Siku hizi wacheshi wako tele: mtu hulipiga picha tangazo lenye kosa kwa simu yake, akalipeleka kwa rafiki zake, wote wakacheka, na kosa likabaki pale pale ukutani. Sisi twataka kuonyesha ya kuwa makosa haya si ya namna moja. Mengine ni doa tu. Mengine hugeuza maneno, hata shule ikasema jambo ambalo haikulikusudia kamwe.

Yaliyo mengi ni ya R na L. Watu wengi wa bara wamelelewa katika lugha isiyotenga sauti hizi mbili: Mkikuyu katika lugha yake ana R wala hana L, na Msukuma ana L, lakini R si yake ya asili. Ulimi hatuulaumu. Twaulaumu mkono wa mwalimu, maana huo ulikwenda chuoni. Shule ikiandika, “Kila mtoto aje na karamu mbili,” imemwagiza mzazi apike mchele na kualika watu, naye mzazi alikuwa tayari kununua kalamu. Chumba kilichoandikwa “Chumba cha kura” ni cha wapiga kura, si cha watoto wenye njaa. “Mahari pa kuchezea” hatujui pamechezewa nini, kwa kuwa mahari ni mali ya mposaji. Na “chakura” ni kazi afanyayo kuku jalalani.

Karibu na hayo ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, yenye DH na TH. Walimu wengi huyatamka kwa Z na S, kisha huyaandika vivyo hivyo. Na wengine, kwa kuogopa kosa hilo, huitia DH hata pasipostahili. Basi tunasoma ya kuwa shule fulani ina “dhana za kufundishia za kutosha.” Dhana ni mawazo, zana ndizo vifaa. Shule nyingi kwa kweli zina dhana nyingi na zana chache, lakini hatudhani mwenye tangazo alitaka kukiri hilo mbele za watu. Mwingine husifu elimu yake ya kuwa ina “samani kubwa,” nasi twaiona mioyoni mwetu meza pana na kabati zito.

Kicheko na kikome hapo, maana sasa twaifikia herufi H, na hapa hapana mzaha. Katika Kiswahili herufi hii ndogo ndiyo mara nyingi itengayo ndiyo na siyo. “Ana” na “hana” ni maneno yanayopingana, na kilicho kati yao ni herufi moja. Tuseme kituo cha watoto kinataka kuandika, “Mtoto mwenye surua hana ruhusa ya kuachwa hapa.” Fundi wa rangi, au mlezi aliyemwandikia fundi, huitamka H kwa wepesi au haitamki kabisa, akaandika “ana ruhusa.” Surua huenea kwa hewa, na katika chumba kimoja chenye watoto wadogo ambao hawajachanjwa huwapata karibu wote. Mtu atasema, “Lakini kila mwenye akili atafahamu.” Je, atafahamu? Mama aliyesoma miaka michache tu, mwenye kibarua kinachomngoja saa 1, akiona maandishi makubwa ya kituo yanampa ruhusa, atayashuku kwa nini? Yeye huheshimu maandishi kuliko tunavyoyaheshimu sisi tuliyoyazoea. Wala hatauliza, kwa kuwa anaona haya kuonekana hakufahamu.

Kosa jingine ni la kukata maneno vipande. “Mtoto ata pewa uji saa 4.” “Mzazi akichelewa, mtoto hata ingia.” Viambishi vya kitenzi chetu havisimami peke yake: “ata” si neno, nalo “pewa” hapo halina mwenyewe. Na “hata” likisimama peke yake ni neno jingine lenye maana yake, ambalo halikatazi kitu. Msomaji mzoefu huviunga vipande upesi bila kujua ya kuwa ameviunga. Lakini mtoto wa darasa la kwanza aonaye “atapewa” kitabuni na “ata pewa” ukutani atamwamini nani? Ukuta ni mkubwa kuliko kitabu, tena una rangi. Kosa hili limezidi tangu matangazo yalipoanza kuandikwa kwa simu, kwa maana simu iliyowekwa lugha ya Kiingereza hujipa kazi ya kutusahihisha, nayo haijui kitenzi chetu.

Wengi hudhani alama za kuandikia ni mapambo. Hatukubali. Tazama kwanza kibainishi cha NG’. Bustanini mwa shule tunasoma, “Usingoe maua.” Kung’oa ni kutoa mmea na mizizi yake, ngoa ni tamaa au wivu. Alama hiyo hapo ni sehemu ya tahajia yenyewe, sawa na herufi, na anayeiacha ameacha sauti. Kisha tazama alama za kunukuu, ambazo watu huzitia ili kulikuza neno: kituo hutangaza ya kuwa hutoa chakula “safi” na malezi “bora.” Mwenye kujua kusoma huona alama hizo akauliza, “Safi kwa kusemwa na nani?” Na alama ya mshangao ikiandikwa mara tatu mfululizo haimpi mtu sauti ya upole, hasa mahali palipo na watoto wa miaka mitatu.

Lakini nukta na mkato ndizo zenye hatari. Fikiri tangazo hili lililobandikwa juu ya jiko la kituo: “Mtoto akiharisha asipewe soda maji ya chumvi na sukari apewe bila kukawia.” Mlezi mgeni, mtoto akilia mikononi mwake, husoma upesi, “asipewe soda, maji ya chumvi na sukari,” akasimama hapo, akamnyima mtoto kile kile kiwezacho kumwokoa, kwa kuwa mtoto anayeharisha hufa kwa kuishiwa maji mwilini. Nukta moja baada ya neno soda ingalimaliza shaka yote. Twajua walimu wanaotoza faini ya alama kwa mkato uliokosekana katika insha juu ya safari ya Mbuga ya Serengeti, ambapo mkato huo haukumdhuru mtu, nao hupita chini ya tangazo kama hili kila siku.

Pamoja na hayo twataja saa, ingawa si tahajia hasa. “Watoto wachukuliwe saa 6.30.” Saa 6.30 ya Kiswahili ni mchana. Ya Kizungu, kama si alfajiri, ni magharibi. Mzazi afanyaye kazi ofisini amezoea hesabu ya Kizungu, na yule wa sokoni hesabu yetu. Tangazo moja, wazazi wawili, na mtoto mmoja ameketi kizingitini tangu adhuhuri hadi jua linachwa. Neno “mchana” lina herufi sita tu.

Zamani udhuru ulikuwapo. Wamisionari wa Mombasa walifuata Kimvita, wale wa Unguja wakafuata Kiunguja, na kila kiwanda cha chapa kilikuwa na desturi yake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kusawazisha tahajia ya vitabu vya shule. Tanzania ina Baraza la Kiswahili la Taifa tangu 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Hatusemi kila tofauti ni kosa. Mtu wa Mvita asemapo “ndoo” akimwita mwenzake hakosei katika lahaja yake. Lakini tangazo la shule ni la watu wote, na ndoo kwa wengi ni ya maji.

Yafaa tuseme pia jambo ambalo wakosoaji wa tahajia hulisahau. Lango lenye maandishi safi halithibitishi ya kuwa ndani mna malezi mema. Kuna mama walezi wasioweza kuandika mstari mmoja bila kosa, ambao watoto huwakimbilia asubuhi kwa furaha. Nasi tungempa mmoja wao mtoto kabla ya kumpa bwana mwenye nukta zake zote na fimbo mezani. Kwa hiyo lawama yetu haimwendei mlezi huyo, wala fundi wa rangi, ambaye huchora alichopewa na hulipwa kwa kazi ya rangi. Yamwendea mwalimu mkuu na mwenye shule, waliosoma, walioliona tangazo kabla halijapandishwa, na wakalilipia.

Kazi yao hapa ni ndogo. Maneno yaandikwe kwanza karatasini, kamusi ikiwa karibu. Asiyeyaandika na ayasome kwa sauti, na afadhali awe mlezi yule yule atakayesimama chini ya tangazo mtoto akilia. Pale atakapokwama, hapo ndipo panapotaka nukta. Kisha karatasi itiwe sahihi na mwalimu mkuu, apewe fundi, na fundi akishamaliza, mwalimu alinganishe ukuta na karatasi, herufi kwa herufi, kabla rangi haijakauka.