Somo la Maji Lianze Kwenye Mzizi

Mwanafunzi wa kilimo akiulizwa mahindi yanahitaji maji kiasi gani, mara nyingi hujibu kwa siku: mara mbili kwa wiki, au kila baada ya siku kumi. Amekariri ratiba bila kuuliza udongo. Ndiyo maana mwalimu mzuri wa umwagiliaji haanzi na pampu wala mabomba, bali na mzizi.

Chukua hekta moja ya mahindi yanayotoa mbelewele kwenye udongo tifutifu. Siku ambayo nyasi fupi zilizoshiba maji zingepoteza milimita 5, mahindi ya hatua hiyo hupoteza 6, maana kigezo chao cha kuzidishia katika mwongozo wa FAO namba 56 wa mwaka 1998 ni 1.2. Milimita moja juu ya hekta ni mita za ujazo 10, na hapa lazima darasa litulie, kwa sababu asiyeweza kugeuza milimita kuwa lita hatafika mferejini.

Tifutifu hutunza takriban milimita 150 za maji yanayofaa mmea katika kila mita ya kina. Mizizi ikifika mita moja, tusiruhusu akiba hiyo ipungue zaidi ya nusu hivi. Kwa milimita 6 kwa siku, zamu inakuja kila baada ya siku 12, na deni la kulipa ni milimita 72.

Siku ya 12 nayo haiaminiwi hivi hivi. Wanafunzi huzamisha keekee hadi sentimita 30, kisha 60, na kukamua udongo kiganjani. Ukifanya donge linalomeguka kwa kuguswa kidogo, maji yafunguliwe.

Sasa mfereji upimwe. Gunzi kavu la mahindi huelea vizuri: likipita mita 10 kwa sekunde 20, kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa 0.8, kwa kuwa maji ya chini na ya kingoni huenda polepole, kisha kwa upana wa sentimita 50 na kina cha 10. Unapata lita 20 kwa sekunde. Kama asilimia 60 tu ya maji ndiyo inayoufikia mzizi, hekta ile inahitaji mita za ujazo 1,200, yaani karibu saa 17 mfululizo. Mwenye zamu ya asubuhi hadi jioni hamalizi shamba lake. Hapo kijana anaelewa kwa nini watu hulala mferejini, na kwa nini kamati ya maji ina kazi nzito kuliko mhandisi.

Hesabu hiyo bado haijafika mtoni. Tazama skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, Kilimanjaro: ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ikitumia maji ya mito Rau na Njoro. Mpunga ulistawi, na mafanikio hayo yakawavuta wakulima wa juu ya banio, yaani pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, nao wakalima mpunga wao. Maji yakapungua kwa waliojengewa mifereji, jambo ambalo vipimo vya shambani pekee havingelizuia.

Walimu wa vyuo vyetu, wapelekeni wanafunzi kwa wakulima wa juu ya banio kabla ya kuwapa mchoro wa skimu, na alama za mtihani zitoke shambani: keekee, gunzi na saa mkononi.