Juu ya Neno "Kutiririsha"

Neno "kutiririsha" limekwisha kuzoewa kwa upelekaji wa sauti na picha katika intaneti. Ni tamu masikioni, lakini lina kasoro: maji hutiririka bila kukatika, wala tone halina namba. Kwa itifaki ya RTP, iliyotolewa mwaka 1996, sauti hukatwa vipande, na kila kimoja hutiwa namba na alama ya wakati. Mpokeaji huvipanga upya, na kilichochelewa mno hukiacha. Basi neno hilo lamfaa msikilizaji, asikiaye mfululizo, bali mwanafunzi wa ufundi lampoteza: atatafuta mfereji pasipo mfereji. Vitabu vyake yafaa viseme "kupeleka vipande kwa wakati", maana wakati ndio kiini cha jambo lenyewe.