Supu ya Kamande Kipkelion: Nyanya Ingoje Zamu Yake

Mji wa Kipkelion, katika kaunti ya Kericho, uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 300 mtu anazopanda, maji huchemka kwa joto lililopungua karibu nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hiyo sufuria inayotokota hapa ina nyuzi 94 hivi, wakati ya Mombasa ina 100. Kuongeza kuni hakusaidii: maji yatarukaruka na kukauka upesi, lakini joto lao litabaki palepale.

Ndiyo maana supu nzito ya kamande, isiyo na nyama, maziwa wala samli, inadai mpangilio tofauti na ule wa mchuzi wa kawaida.

Wengi huanza kwa kukaanga kitunguu na nyanya, kisha humwaga kamande mbichi na maji juu yake. Kwa nyama njia hiyo inafaa. Kwa kamande ni kujitesa, kwa sababu asidi ya nyanya huzuia pektini, ile gundi inayoshikanisha seli za mbegu, isilainike. Ukijumlisha asidi na joto pungufu la milimani, saa nzima inapita na kiini bado kigumu. Chumvi hulaumiwa bure. Mkosaji ni nyanya. Magadi huharakisha mapishi, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni, na kamande hazina ugumu wa kuhitaji dawa hiyo.

Njia bora ni hii: vikombe viwili vya kamande za kahawia viloweshwe saa moja au mbili katika maji ya moto, kisha vichemshwe peke yavyo kwa lita mbili za maji na kijiko kidogo cha manjano, sufuria ikiwa imefunikwa. Kamande zikipondeka kati ya vidole viwili, ndipo nyanya iruhusiwe.

Viungo navyo vina sufuria yao. Kitunguu hukaangwa kwa mafuta ya kupikia hadi kiwe cha kahawia, ifuate bizari nyembamba nzima mpaka itatarike, halafu tangawizi, kitunguu saumu na giligilani iliyosagwa, na mwisho nyanya, kisha vyote humiminwa juu ya kamande zilizolainika. Sehemu kubwa ya harufu ya bizari huyeyuka zaidi katika mafuta kuliko majini. Tena mafuta hupita nyuzi 150 bila kujali mwinuko wa mahali! Hapa ndipo mpishi wa Kipkelion hana hasara yoyote mbele ya mpishi wa pwani, na ladha yote ya supu inapaswa kujengwa hapa.

Ufundi huo ni wa jikoni za Kihindi, na njia yake ya kuingia bara inajulikana. Kituo cha Kipkelion, kilichoitwa Lumbwa wakati wa ukoloni, kimo kwenye reli iliyofika Kisumu Desemba 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na wafanyabiashara kama Allidina Visram wakafungua maduka kuiandama.

Uzito ndio unaowatia shaka wenyeji, maana katika nyumba nyingi za Wakipsigis hata mboga za majani hukolezwa kwa maziwa au malai. Lakini kamande zina wanga wa kutosha. Theluthi moja ipondwe kwa mwiko ndani ya sufuria, pamoja na kiazi kimoja au kipande cha malenge kilichoivia humo, na supu itashika kijiko bila tone la maziwa.

Dania na limau huingia baada ya moto kuzimwa. Limau lina kazi zaidi ya ladha: vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika kamande, ilhali tanini za chai huyazuia. Katika nchi hii ya majani chai, ambako kikombe huandamana na kila mlo, ni vyema chai iandaliwe saa moja hivi baada ya supu.