Hongera, Washona Kofia

Kofia ya mkono haitaki haraka. Kitambaa cheupe cha pamba huchorwa nakshi kwa penseli, kisha sindano ishike kazi: kitundu kinatobolewa, kinazungushiwa uzi mpaka ukingo ukaze, halafu kingine, mamia kwa mamia, kwenye ukanda na kwenye duara la juu. Kofia nzuri hula miezi. Wanawake wengi wa Unguja na Lamu huishona nyumbani, wakinakili nakshi za kofia za wazee. Oman nako kofia ziitwazo kumma zina vitundu vivyo hivyo.

Kofia za mashine ni rahisi, sawa, lakini nyingi zimepambwa tu bila kutobolewa. Jua la saa saba litakueleza tofauti: vitundu hupitisha hewa. Hongereni, mama zetu. Na anayewapunja bei apewe sindano, ajaribu kitundu kimoja.