Kikapu cha Mshono

Ukiitaja familia ya Robertson, msikilizaji hukimbilia nyangumi. Si ajabu. Tarehe 15 Juni 1972, magharibi ya visiwa vya Galápagos, nyangumi wauaji waliigonga Lucette, chombo chao cha mbao cha futi 43, kikazama kwa dakika chache. Mimi huwaza kikapu cha mshono.

Kilikuwa cha mama, Lyn. Kilielea katikati ya mabaki, wakakiopoa. Mlikuwa na sindano za kufumia, kamba nyembamba na nyembe za kupasulia. Boti la mpira la dharura lilikuwa na biskuti na maji kidogo. Kikapu kilikuwa na vya kufanyia kazi.

Dougal, mumewe, aliwahi kuwa ofisa wa meli za biashara kabla ya kufuga ng'ombe Uingereza. Sasa alikuwa na mkewe, wanawe watatu na kijana mmoja mgeni, bila ramani wala dira. Galápagos ilikuwa jirani, lakini kwenye upepo. Upepo wenyewe ulitoka kusini-mashariki, na baharia yeyote wa pwani yetu anajua: boti la mpira halibishi. Akaamua kuipa nchi kavu mgongo, aelekee kaskazini, kwenye ukanda wa shwari ambako mvua hunyesha. Kuifuata mvua badala ya ardhi! Sijui unahodha uliozidi huo.

Baada ya siku kumi na saba hivi boti la mpira lilikuwa limekwisha kwa matundu. Wote sita wakahamia kihori chao cha faibaglasi, Ednamair, ambacho mmoja akijinyoosha wengine hujikunja.

Hapo ndipo kasa walipokuwa duka na kisima. Kasa hupakiwa kwa hila: unamgeuza chali huku ukikwepa mapezi yenye kucha, unamkata shingo, damu unaikinga na kuinywa upesi kabla haijaganda. Gamba la tumbo linafunguliwa pembeni taratibu, maana kisu kikivunjika hakuna kingine dukani. Nyama inachanwa vipande, inatundikwa kwenye kamba ikauke. Mafuta yanayeyushwa kwa jua, ya kupaka vidonda. Mikono iliyozoea ng'ombe haikuhitaji kufundishwa upya.

Na Lyn? Alikuwa muuguzi. Maji ya mvua yaliyotuama kihorini yalichanganyika na damu na uchafu wa kasa, ukiyanywa unayatapika. Akaunda mrija, akawapa familia yake kwa njia ya haja kubwa, utumbo unyonye maji bila tumbo kuyaonja. (Kijana mgeni alikataa; sithubutu kumlaumu.) Vitabu vya ubaharia nilivyosoma vina sura ndefu za nyota na mafundo. Sijaona sura ya jambo hili, na naliweka sawa na kupima nyota.

Siku ya 38, tarehe 23 Julai, meli ya uvuvi ya Kijapani, Toka Maru II, iliwaona. Kamba za nyama zilikuwa bado zimetundikwa. Hesabu ya Dougal ilikuwa kuendelea mpaka pwani ya Amerika ya Kati.

Kihori kiliishia kwenye makumbusho ya bahari mjini Falmouth, bandari ileile waliyong'oa nanga Januari 1971. Ukipanga vitanda viwili mguu kwa kichwa, tayari vimekipita urefu.