Vita na Mwaka Wake wa Mwisho

Katika kabati langu hapa Ulemo zimo tenzi mbili nilizozifundisha kwa miaka mingi. Moja ni Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, juu ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Nyingine ni Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada wa Henry Muhanika, uliotoka mwaka 1981. Zote mbili zinahusu vita vilivyokwisha: adui ameanguka na hesabu imefungwa.

Sina nia ya kuzibeza. Utenzi hutunza kumbukumbu ya taifa, nao huitunza vizuri: jambo gani lilitokea, wapi na lini. Kasoro ninayoiona ni ya desturi yetu nzima ya kusimulia vita. Tunamsindikiza askari hadi kwenye ushindi, kisha tunamwacha hapo. Arudipo nyumbani hana ubeti.

Kasoro hiyo nilikuwa nayo mimi mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 90, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimpanga mkufunzi mmoja aghani beti za Kagera mbele ya wageni. Alikuwa mmoja wa wanamgambo wapatao 40,000 waliojiunga na jeshi letu katika vita vile. Alikuja ofisini, akasimama karibu na mlango.

“Ndugu Mkuu, naomba uniondoe katika jambo hili.”

Nilimwuliza sababu, akanyamaza. Nikaandika katika faili lake kwamba hana moyo wa ushirikiano. Nilikwisha kusikia kwamba halali usiku, na kwamba mlango ukibamizwa huruka kitini. Yote hayo niliyaita ulevi. Baadaye aliacha kazi, na sasa ni marehemu.

Jina la hali hiyo lilikuwapo tayari. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka uliofuata, 1980, chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza katika orodha yake ya magonjwa kiwewe kinachodumu baada ya tukio la kutisha. Hali ya askari waliorudi kutoka Vietnam ilichangia sana uamuzi huo. Mgonjwa hujiwa na tukio bila kuliita, macho na ndotoni. Hukwepa kila kinachomkumbusha. Hushtuka upesi na kukosa usingizi. Kwake tukio halijawa la jana. Linatokea sasa.

Hapa ndipo mwalimu wa fasihi anapopaswa kutega sikio. Miongoni mwa tiba zilizojaribiwa katika eneo letu, mojawapo ni ya kusimulia. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, ilijaribiwa kwa wakimbizi wa Sudan, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni iwe maisha yake. Huweka ua penye jambo jema na jiwe penye baya. Kisha husimulia kwa mfuatano tangu kuzaliwa, na afikapo kwenye jiwe halirukwi: ilikuwa wapi, saa ngapi, alisikia nini, mwili ulifanyaje. Msikilizaji huandika na kumsomea. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na ugonjwa kati ya waliosimulia hivyo walikuwa asilimia 29. Kati ya waliofundishwa tu juu ya ugonjwa, asilimia 80. Wale walikuwa wakimbizi wachache, 43 tu, wala si askari. Lakini jeraha ni la aina moja.

Ndugu msomaji, mfuatano, mahali, tarehe, msikilizaji: je, hizo si nyenzo za utenzi? Tulikuwa nazo, tukazitumia kwa ajili ya taifa peke yake. Utenzi uliipa vita mwaka wake wa mwisho; mtu aliyepigana hakupata wa kumsaidia kuufikia mwaka huo. Nilimtaka mkufunzi wangu aghani vita vya wote, wala sikumwuliza vyake.

Waliopigana Kagera na wangali hai ni wazee sasa. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, na kwenda huko si aibu. Aliye na mzee wa namna hiyo nyumbani asimlazimishe kusema, wala asimwite mlevi kama nilivyofanya mimi. Akianza kusimulia, asimkatize kwa habari za ushindi.